Koti Lililopimwa kwa Kamba

Nakumbuka siku nilipoketi ndani ya ndege kwa mara ya kwanza, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na minane na koti jipya la sufu ya kijivu. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Majirani wa Riruta walikuwa wamenisindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Embakasi kwa nyimbo, maana nilikuwa naenda Uingereza kusomea ualimu, na mtaani kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Baba alininyooshea kola, akaniambia nisalimie watu.

Nikasalimia. Aliyeketi kando yangu alikuwa mzee Mhindi, mwembamba, mwenye miwani, aliyekuwa akienda kuishi na binti yake. Tulianza na habari za mvua, tukafika nyumbani. Akaniuliza natoka wapi. Ulimi wangu, mwanangu, ukateleza kabla moyo haujaushika. Nikasema Kitisuru, mtaa wa matajiri. Ni kweli baba alikwenda Kitisuru kila siku, lakini alikwenda kutunza bustani za watu.

Mzee akalisifu koti langu. Nikaona nimalizie nilichoanza; nikasema baba aliliagiza London.

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Kama London wanashona hivi, basi mimi nirudi nyumbani. Huko sitapata kazi."

Akaomba mkono wangu. Akageuza upindo wa mkono wa koti, akanionyesha kitambaa kilichokunjwa ndani, upana wa vidole vinne.

"Hii koti nimeshona mimi, kijana, Mtaa wa Biashara. Mzee mmoja wa Riruta alikuja na kamba ya katani, ile ya kunyoosha matuta. Amefunga mafundo: hapa bega, hapa mkono. Amepima shati ya mtoto wake ya shule. Aliomba maji anawe kwanza, ndiyo aguse kitambaa. Nikamwambia, mzee, ukiacha nguo nyingi hivi ndani, mkono itakuwa nzito. Akasema mtoto bado anarefuka, na huko hana mtu wa kumshonea."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikatika kabla hatujaivuka Sudan. Niliiona ile kamba ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, na yale mafundo ambayo sikuwahi kuuliza ni ya nini.

"Huyo ni baba yangu," nikasema.

"Najua. Mabega ni yake."

Baada ya hapo nilimsimulia yote: chumba chetu, waridi alizopanda baba kwenye nyua ambazo hakualikwa kuketi, na jinsi alivyozitaja kama watoto wake. Mzee alisikiliza kama mtu anayepokea habari za kwao.

Tulipotua, mwalimu wa chuo alikuja kunipokea. Alilishika koti langu, akauliza limeagizwa kutoka duka gani la London. Yule mzee alikuwa hatua mbili tu kando yangu. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Alikuwa ananiachia njia ya kupita na uongo wangu.

Sikupita. Nikajibu kwa sauti ya kusikika ukumbini kwamba limeshonwa Nairobi na mzee huyu, na aliyelipima ni baba yangu, mtunza bustani wa Riruta. Sijawahi kuwa mrefu, mwanangu, kama nilivyokuwa dakika ile.

Mzee alinigusa mkono. "Ukirefuka, fungua uzi polepole," akasema, akaenda kwa binti yake.

Na nilirefuka. Mwaka wa pili nilifungua upindo, nikakuta kitambaa cha ndani bado kipya, hakijaguswa na jua wala mvua ya ugenini.

Basi nisikilize, maana sasa zamu ya kusafiri ni yako. Ukimkuta mgeni safarini, mwamkue wewe kwanza, na ulitaje jina la kwenu kama lilivyo. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana, na huyo unayedhani hakujui huenda mikono yake imekwisha kupita mgongoni mwako. Usiwaonee haya waliokupima kwa walichokuwa nacho. Mwacha asili ni mtumwa, hata akivaa sufu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akurefushe, na kila utakaporefuka, ukute kwenu walikuachia kitambaa cha kutosha.