Mdiria wa Mazuku

Tangu tumzike papa, baba yetu, mdogo wangu wa kike, mwenye miaka mitano, alikubali kula mbele ya simu yangu tu. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kutengeneza katuni: donge la ugali wa foufou linalokimbia mboga ya sombe, haragwe lenye kofia, samaki sambaza wawili wanaogombania sufuria. Walipofungua vinywa, naye alifungua chake, na mama akatia kijiko haraka.

Kisha mdogo wangu akawachoka. "Tia ndege. Ule wa ku ziwa, unasimamaka mu hewa."

Alimtaka mdiria, yule mweusi na mweupe anayepiga mabawa juu ya maji bila kusogea, halafu anajiangusha na kuibuka na sambaza mdomoni. Papa ndiye aliyemwonyesha.

Nilichora bawa, nikafuta. Siku nne. Mama alisimama na sahani mkononi.

"Maliza basi!"

"Bado, mama. Bawa haijakuwa muzuri."

"Ni bawa ndiyo mutoto atakula?"

Nakiri nilichofanya. Magharibi mwa mji, kati ya mawe ya volkano, kuna mashimo tunayoyaita mazuku. Hewa mbaya hulala chini humo, na ndege akishuka hatoki. Watu hushusha kwanza karatasi inayowaka. Moto ukizimika, wanarudi. Nilikwenda huko kutafuta mdiria wa kumwiga, na moto wangu ulizimika. Nikabana pumzi, nikaingia. Mdiria alikuwa amelala pale, kila unyoya mahali pake, nikamwokota. Kichwa kiliniuma mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa na furaha.

Nilimchora unyoya kwa unyoya. Mdogo wangu aliangalia kidogo tu, akaisukuma simu.

"Huyu alikufa."

"Anaruka, angalia!"

"Alikufa. Iko vile papa alikuwa mu sanduku."

Mama alishusha kijiko. Siku ile mtoto hakula, wala kesho yake.

Asubuhi ya pili nilikwenda ziwani, nikakaa juu ya jiwe hadi mdiria mzima akaja. Nilichora mbio mbio, bila kufuta. Bawa moja likatoka refu kuliko jingine.

"Anaanguka vibaya," mdogo wangu alisema, akiwa ameachama, na mama akatia kijiko. Vitatu tu. Kisha mtoto akageukia ukuta.

Yule wa mazuku sijamfuta. Mtoto akisinzia, namfungua na kumtazama. Bado ndiye kazi yangu nzuri kuliko zote.