Jicho la Mjomba Nyuma ya Miwani Nyeusi

Mjomba, kiongozi wa bendi yetu na mpiga gitaa la solo, hakuwahi kutuhesabia moja, mbili, tatu. Wakati wa kuingia sebene ulipofika, pale maneno ya wimbo yanapokwisha na magitaa kuachiwa uwanja, alimtazama mpiga dramu, kisha mpiga besi, kisha mimi wa gitaa la rizimu. Basi. Tuliingia wote kwa pamoja. Jicho lile nilijifunza kulisoma kwenye mazoezi, uani kwake Mafiga, hapa Moro, na mpaka leo sijaandika sentensi iliyomfikia mtu kwa wepesi ule.

Halafu akanunua miwani.

Ilikuwa wiki ya kujaribiwa kwetu. Mwenye baa mmoja hapo hapo Mafiga alitafuta bendi ya bonanza, kila Jumapili mchana, akatuita tupige atusikie. Nilizitaka Jumapili zile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimechoka na harusi za majirani, kupiga nyimbo mbili kisha kuambiwa tumpishe MC. Siku mbili kabla, mjomba akarudi kutoka stendi ya Msamvu na mfuko wa miwani nyeusi tii, yenye fremu nene za dhahabu, ya kila mmoja wetu sawasawa na ya mwenzake.

"Mkipanda jukwaani mnaonekana kama mmekuja semina," alisema. "Msanii lazima awe na muonekano."

"Sasa mjomba, macho yako tutayaonaje?"

"Kwani wewe unapiga kwa macho au kwa vidole?"

Mpiga besi akacheka. Kwetu Waluguru unaweza kubishana na baba yako mpaka jua lizame, lakini mjomba akishasema, umesikia. Nikaivaa, nimeuma meno.

Jumapili jua lilikuwa kali, ila kupitia vioo vile milima ya Uluguru ilionekana kama imefunikwa na wingu la mvua. Watu walishangilia hata kabla hatujagusa nyuzi. Simu zikainuliwa. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka ubeti wa mwisho, nikamtazama mjomba, nikajiona mwenyewe kwenye vioo vyake: mdogo, mara mbili, nimekumbatia gitaa. Ananitazama mimi? Au anatazama meza ya mbele? Mpiga dramu akadhani ameitwa, akaingia. Besi ikabaki kwenye ubeti. Nikamfuata wa dramu, nikajuta, nikarudi kwa wa besi. Mjomba akatikisa kichwa kwa hasira, nasi tukadhani hiyo ndiyo ishara, tukabadilisha tena. Ilikuwa kama kabati la sufuria limeanguka. Wimbo wa pili ulikuwa hivyo hivyo.

Tuliposhuka nilijua tumezikosa Jumapili zile. Mwenye baa akaja amekunjua uso.

"Shikamoo mzee wa kazi! Hiyo miwani! Moro nzima hakuna bendi yenye muonekano huu. Jumapili ni zenu. Ila msije bila miwani, eh? Nimeshapiga picha za tangazo."

"Na muziki?" nikauliza.

"Muziki?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza choo kiko wapi. "Muziki si upo!"

"Bosi, macho ya mzee sikuyaona hata mara moja," mpiga dramu akasema.

"Tulia wewe," mjomba akamkata. "Kazi tumepata, unataka nini tena?"

Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kukifurahia wala kukilalamikia.

Sasa tunapiga pale kila Jumapili. Mjomba amejitafutia dawa: sebene likikaribia anaivuta maiki na kupiga kelele, "Haya, twendeee!" Nasi tunakwenda. Watu wanaipenda, wanaitikia naye, madukani wanamsalimia kwa neno hilo. Lakini zamani hapo palikuwa na upenyo, noti moja ya solo ikining'inia kabla hatujaingia, na mimi niliipenda kuliko wimbo wenyewe. Kelele yake inaangukia pale pale, kila mara.

Juzi nilimwomba tupige wimbo mmoja, mmoja tu, bila miwani. Tulikuwa wawili nyuma ya jukwaa, tunakunja nyaya. Akaisukuma miwani ikapanda puani kwa kidole kimoja.

"Mpwa wangu," akasema, "unataka wauone uzee huu?"

Nikaendelea kukunja waya. Hasira yangu yote ilikuwa bado ipo, ila sasa sikujua niipeleke kwa nani.