Dada Alinitumia Invite

Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni kwangu, hapa Free Area, Nakuru, simu ilipolia. Nikaona picha ya maua, maandishi ya Kiingereza ya rangi ya dhahabu, na jina langu limeandikwa lote, hata lile la ubatizo ambalo hakuna mtu hulitumia. You are invited. Aliyetuma ni dada yangu wa Rongai, mkubwa wangu, ambaye tumezaliwa naye wawili tu. Binti yake alikuwa anaolewa.

Nililisoma lile neno mara ya pili, nikahisi damu inanipanda.

Lazima nieleze, maana kuna watu wangefurahi. Katika familia yetu, tangu baba atoke magharibi kuja kufanya kazi ya reli, hatualikani. Anayealikwa ni mgeni: pasta, mwalimu, chifu, wakwe. Mtu wa nyumba anaambiwa tu kwamba kuna harusi, na siku moja kabla anafika na kisu chake kimefungwa kwa leso, anapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, anavuta kigoda na kuanza kumenya viazi. Hakuna anayemkaribisha. Ukiona umekaribishwa, ujue kuna jambo. Na katika shughuli zote za kwetu, ziwe za furaha au za kilio, mimi ndiye wa jikoni. Hata ile sufuria kubwa ya mama, ya kupikia umati, alipofariki ilikuja kwangu bila mtu kuuliza.

Sasa hili neno invite. Siku hizi Nakuru nzima imelipenda. Zamani mtu alikuwa anapita mlangoni anakuambia mdomo kwa mdomo, lakini siku hizi hujaitwa mpaka utumiwe invite, na kuna ya harusi, ya mtoto anayetarajiwa, hata ya kujiunga na kikundi cha kwenye simu ambacho utajuta kukiingia. Watu wanalitamka wakijinyoosha. Mimi nilikuwa nimelielewa kwa njia moja tu: ni neno la kumwambia mtu kwamba kiti chake kiko upande wa wageni, na akishakula aende kwake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika tangu utotoni, na hapa dada alikuwa ananirudisha siku ya kwanza.

Nikampigia simu.

"Dada, nimeona kitu umenitumia."

"Eeh, hiyo ni invite."

"Nikuje na sufuria lini?"

"Usikuje na sufuria. Tumepata watu wa kupika. Wewe vaa vizuri tu."

"Kwani mimi ni mgeni?"

"Soma card," akasema, akakata.

Hapo nikajua kuna kitu. Nilianza kupekua kichwa changu nikitafuta kosa. Labda ni sufuria, labda aliitaka na hakusema. Halafu nikakumbuka wakwe. Nilikuwa nimesikia kwamba upande wa kijana ni watu wa Nairobi, watu wa magari na miwani, na nikaitazama mikono yangu iliyokaushwa na moshi. Nikasema aha. Dada yangu ananionea haya. Ameona akiniweka kwenye kiti na gauni nitafanana na mtu.

Nilimweleza jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwetu hata ndugu wa tumbo moja hualikwa, tena kwa kutumiwa mtu mlangoni," akasema. "Asiyealikwa ndiye hununa. Wewe umealikwa na bado umenuna?"

"Hiyo ni kwenu," nikamjibu.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilifunga kisu na mwiko kwa leso kama kawaida. Sufuria niliiacha nyumbani makusudi, ili waione haipo. Nikaenda Rongai.

Nyuma ya nyumba ya dada nilikuta wanawake nisiowajua, wote wamevaa aproni za rangi moja, wanamenya viazi. Kigoda ninachokaliaga kilikuwa na mtu. Mmoja wao aliinua macho, akanitazama kwa heshima zote.

"Mathe, wageni ni kesho," akaniambia.

Sijawahi kuumizwa na mtu mpole namna ile. Nilisimama hapo kama mti, mpaka dada akatoka, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Si nilikuambia kesho?"

"Hukuniambia. Ulinitumia invite, kama chifu. Kama unanionea haya mbele ya wakwe zako, sema."

Alichukua lile furushi mkononi mwangu, akalifungua, akakitazama kisu.

"Siku tulizika mama," akasema, "wakati walikuwa wanamshusha, niligeuka kukutafuta. Nikaambiwa uko kwa sufuria, unapakulia watu wa kwaya."

"Si lazima mtu angepika?"

"Nilisimama peke yangu. Tuko wawili tu duniani, na nilisimama pale peke yangu. Ningekuambia tu ukuje, ungekuja na hii." Akainua kisu. "Ndio maana nikakutumia ile ya wageni."

Ni kweli, sikumwona mama akishuka. Nilimuaga kwa kusikia nyimbo kutoka mbali, mwiko mkononi. Nilidhani hakuna mtu aliyeona. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwamba aliyeona ni yule niliyekuwa namshuku. Kisu hakunirudishia.

Jumamosi nilivaa gauni la kijani. Kanisa lao lilikuwa linajengwa upya, kwa hivyo ndoa ilifungwa pale pale kwa dada, chini ya tenti. Alinikalisha mbele, kwenye kiti kilicho karibu na chake, mahali ambapo marehemu mume wake angekaa. Nilikaa vibaya. Mikono haikujua iende wapi. Nilikuwa bado najiuliza nani ameonja chumvi.

Binti alipoanza kuingia, watu wamesimama, wanapiga vigelegele, nikasikia harufu. Wali unashika chini. Nilijua hata kosa lenyewe: kuni nyingi, na hakuna aliyezivuta nje kwa wakati. Tulipoketi, mimi nilibaki nusu juu nusu chini, miguu imeshageukia nyuma ya nyumba.

Dada hakugeuza kichwa. Alinishika mkono akaubana kwa nguvu.

"Wacha iungue," akasema.

Nikakaa. Baadaye pasta akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Dada akainuka, na kwa kuwa alikuwa hajauachilia mkono wangu, nami nikainuka.