Kikopo cha Mwisho cha Baruti

Jirani yetu muuza baruti, wallahi, haamini hata mzigo wake. Risasi huzitia moja moja kwenye mtutu wa gobori. Inayoshuka kwa kujivuta, isiyopwaya, ndiyo aitakayo. Baruti huionja kwa ulimi, kisha huwasha kidogo juu ya karatasi: isipounguza karatasi, safi.

Juzi akaja kijana mmoja, Thabit, kawaahidi wakwe watarajiwa nyama ya paa. Asipoipeleka kesho yake, hana mke. Dukani kimebaki kikopo kimoja.

"Ami, nnakuomba, upesi!"

"Subira, mwanangu. Baruti mbovu itakuaibisha."

Akawasha kidogo. Karatasi nyeupe. Akawasha tena, na tena, moyo haujatulia, hadi akakung'uta kikopo.

"Hongera," akasema, kamkabidhi kikopo kitupu. "Ilikuwa safi yote."