Mguu Ambao Kalolaine Hawezi Kuugusa

Saa moja asubuhi barabara imefungwa kwa sababu ndege inatua. Kalolaine Moala amesimama na baiskeli yake getini, begi la bandeji mgongoni, mkeka wa heshima wa Kitonga umefungwa kiunoni, uso ameukunja. Barabara ya kutoka kijiji cha Koulo kwenda kijiji cha Holopeka inakatiza katikati ya uwanja wa ndege, na leo ana haraka.

"Shuka basi! Huku kuna watu wana vidonda!" anaifokea ndege.

Mama huyu wa miaka hamsini na sita ni mratibu wa shirika la hisani la tiba kisiwani Lifuka, Tonga. Anawatafuta wenye kisukari na kuwakagua miguu kabla vidonda havijaoza. Mwaka juzi watu tisa walikatwa mguu. Kwa kuwa peke yake asingeweza, alikusanya watu kumi na tano wa kujitolea: wasuka mikeka, waimba kwaya, mwalimu mstaafu, na Semisi, mchinja nguruwe mwenye mikono ya upole kuliko wote.

Kisha makao makuu yakaleta orodha: kila mmoja ahudumie kijiji chake. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini kijijini karibu kila mtu ni kaka au dada wa mwenzake, maana binamu naye huhesabiwa hivyo, na kwa mila kaka na dada hawazungumzi habari za mwili. Tena dada ana cheo juu ya kaka; hawezi kupiga magoti miguuni pake. Mhudumu wa kwanza alipobisha hodi kwa binamu yake, jitu la kilo mia na thelathini lilitorokea dirishani.

"Kwenye fomu wakaandika 'amekataa'," anasema Kalolaine. "Hakukataa, alikimbia! Anayekataa hukaa akabishana na wewe."

Hasira yake nyingine ni juu yake mwenyewe. Orodha ile aliigawa yeye, mzaliwa wa hapa, akijua kitakachotokea.

"Ilikuja na muhuri, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo."

Wagonjwa sitini na watatu waliandikwa kwamba wamekataa. Mmoja wao ni Uaisele, kaka yake wa tumbo moja. Alificha kidonda cha kisigino miezi minne, hadi mkewe alipokuta soksi imeganda damu. Hospitali wakaanza kuzungumzia msumeno.

Kalolaine aliichana orodha siku hiyohiyo. Wahudumu wa Koulo wakapelekwa Holopeka, wa Holopeka wakaja Koulo. Hadi sasa, kati ya wale sitini na watatu, hamsini na mmoja wamevua soksi. Makao makuu yamejibu kwa barua: utaratibu umevunjwa, mtandao wa wahudumu unafungwa Ijumaa.

Leo ni Jumanne.

Geti linafunguliwa. Nyumbani kwa Uaisele, Kalolaine anabaki nje, kwenye kibanda cha jikoni, akimenya muhogo na wifi yake. Ndani yupo Semisi na beseni la maji ya chumvi.

"Mzee, tulia! Nguruwe hawanisumbui hivi."

"Nguruwe unawaosha wakishakufa, mpumbavu wewe!"

Kalolaine anacheka hadi anakohoa.

"Nani yuko nje?" anauliza Uaisele.

"Hakuna mtu, mzee."

"Huyo 'hakuna mtu' ana kikohozi cha dada yangu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwambie asiondoke kabla hajala."

Semisi anatoka akifuta mikono. Kidonda kimeanza kufunga, anasema, ila kinataka wiki sita zaidi za kuoshwa kila siku. Yeye akiacha, hajui nani mwingine ataruhusiwa kukishika.

Simu inalia. Ni bosi kutoka mji mkuu.

"Mama Moala, wahudumu wamesharudi vijijini kwao?"

"Hawajarudi, na hawarudi."

"Basi Ijumaa naja kuchukua mabegi."

"Karibu sana. Yapo kumi na tano, kwenye nyumba kumi na tano za wagonjwa. Utabisha hodi mwenyewe na kuwaambia kwa kinywa chako. Sitakusaidia hata moja. Chakula utakula, mgeni hatumnyimi."

Anakata simu, anarudi kwenye muhogo.

Akifukuzwa, atafanya nini? Ataendelea, anasema. Chumvi anayo, na mashuka ya zamani yanachanika vizuri kuwa bandeji. Ameshazungumza na vijiji viwili vya kusini, navyo vinataka kubadilishana wahudumu.

"Nimeosha miguu ya watu mia tatu. Mguu wa kaka yangu sijauona, na sitauona. Sitaki kuuona! Nataka Jumapili nikiwa nimekaa kanisani nimsikie akiingia nyuma yangu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Hapo nitaimba. Na Ijumaa huyo bosi aje na gari kubwa, maana Semisi amesema begi lake halitoki bila yeye mwenyewe kubebwa."