Uso wa Avelina, Maneno ya Mwingine

Hakuna mlango Runazi ambao Avelina hakuwahi kuupigia hodi. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwepesi wa kucheka, na siku ya chanjo ikifika akina mama walimfuata zahanati, watoto mgongoni, kama waendao harusini.

Lakini siku moja ya chanjo hawakuja. Benchi tupu. Avelina akaenda kwa jirani yake, Francisca, akamkuta anapukuchua mahindi.

"Francisca, mbona akina mama hawakuja?"

Francisca hakuinua macho. "Unaniuliza mimi, dada? Si wewe uliyesema?" Akamnyooshea simu.

Kwenye kioo alikuwa Avelina. Kitenge chake cha njano, kovu lake juu ya nyusi, sauti yake mwenyewe: "Akina mama wenzangu, nimewadanganya miaka yote. Chanjo inaua. Nunueni matone haya, mtoto atalala salama." Chini, namba ya muuzaji.

Avelina akakaa juu ya magunzi. Maneno yale hayakuwahi kupita kinywani mwake, na bado alijiona akiyasema. Akajishuku: au aliyasema akiwa na homa? Nyumbani, mumewe Juvenali aliitazama video, akanong'ona, "Lakini mke wangu, mbona ni wewe?" Hilo lilimchoma kuliko yote.

Alimpigia Philbert, mtangazaji wa redio pale Biharamulo mjini. Philbert akaja na pikipiki, akaomba waitwe wanakwaya wenzake Avelina, watu wanaomjua. Wakaizunguka simu, wakaitazama tena na tena, mpaka Francisca, naye mwanakwaya, akaruka.

"Rudisha hapo! Kasema 'atalala'!"

"Kwani kuna nini?" Philbert akauliza.

"Avelina tangu azaliwe husema 'atarara'. Hata padri alishindwa kumnyoosha!"

Wakaangua kicheko, kisha kikakatika ghafla. Kama si yeye, nani amevaa uso wake?

Philbert aliituma video kwa waandishi wenzake Dar es Salaam, wanaochunguza picha za uongo. Wakaipata ya asili: Avelina kwenye semina ya vyandarua, kitenge kilekile. Mdomo ulikuwa umechezeshwa upya kwa akili mnemba, na sauti imeigwa. Redio ikarusha sauti zote mbili, ya kweli na ya bandia. Wanakwaya wakapita nyumba kwa nyumba, wakionyesha video hizo mbili. Muuzaji wa matone akazima simu, na hadi leo hajulikani.

Benchi la zahanati likajaa tena, ingawa si wote waliorudi. Bibi Priscila alikuja na mjukuu wake. Kabla ya kukaa alimshika Avelina kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni wewe kweli?"

"Shikamoo, bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Hebu sema tena."

Avelina akasema tena, machozi yakimtiririka.