Foleni ya Wapenzi

Kwenye kliniki ya meno wanamwita Subiri Kidogo, na hajawahi kulichukia jina hilo. Miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya dirisha la mapokezi. Mtu akija na shavu lililovimba, ameshika taya kama anazuia kitu kisidondoke, yeye humtazama usoni na kumwambia, "Pole sana mpenzi. Subiri kidogo, utaingia sasa hivi." Hiyo sasa hivi inaweza kuwa saa mbili nzima. Lakini namna anavyoisema, mgonjwa hurudi kwenye benchi na kukaa kwa imani. Daktari husema nusu ya ganzi hutolewa pale dirishani.

Kitu kimoja hakijui: kusema hapana. Aliyekuja siku isiyo yake, aliyekosea jengo akitafuta daktari wa macho, wote huambiwa wasubiri kidogo. Zamani palikuwa na fundi wa lifti aliyekuja kila mwezi kukagua lifti ya jengo lile. Alipomaliza kupaka grisi alikuwa ananawa mikono vizuri kabla ya kupita mapokezi, na siku moja akamwomba amuoe. "Nipe muda," alimjibu. Fundi akampa miaka mitatu. Kisha akaoa kwingine, na mpaka leo wakikutana husalimiana vizuri, kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. Hilo ndilo aliloshindwa kumweleza mtu yeyote: kwamba hakuwahi kumkataa mtu maishani, na bado kitanda chake ni cha mtu mmoja.

Anaishi na mdogo wake wa kiume pamoja na mke wa mdogo wake. Wifi yake ni fundi umeme, mwanamke asiyeweza kukaa dakika kumi bila kushika waya. Miezi miwili iliyopita aliteleza kwenye ngazi, mguu ukafungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi gotini, na nyumba nzima ikaanza kuteseka. Alifungua redio iliyokuwa nzima. Alifungua pasi. Mwisho mumewe akamwazimia mashine ya gemu kazini kwake ili kuliokoa jokofu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya nchi ya milima ambako joka limemeza jua, na kikosi cha wasafiri kinatembea kwenda kulidai. Subiri Kidogo aliishika ile pedi ya vitufe kwa utani, jioni moja ya wiki ya kwanza. Alijitengenezea mpiga mishale wa kike, akampunguza kiuno, akamwongeza urefu, akasita kidogo, akamwachia mvi zake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa pedi bila ruhusa yake.

Mle safarini, mwenzako akisema nawe, majibu matatu hujitokeza chini ya skrini: la ukali, la mzaha na la upole. Yeye alichagua la upole kila mara, bila hata kusoma mengine. Aliwauliza wenzake wamelalaje. Aliwapa asali aliyookota msituni. Na katika wale wenzake alikuwepo mmoja, Mchora Ramani, mwembamba, vidole vina wino, ambaye wenzake wakikaa kambini yeye hunyoosha karatasi zake pembeni. Siku moja Subiri Kidogo alimuuliza jina la mto uliokuwa mbele yao. Yule bwana aliinua kichwa. "Watu huniuliza kama mto unavukika," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza unaitwaje."

Jumatatu iliyofuata, kliniki, aliandika jina la mgonjwa mmoja mara tatu kwenye kitabu cha miadi.

Ni rahisi kumcheka mwanamke wa umri ule anayetetemeka kwa ajili ya mtu wa rangi na mwanga. Lakini moyo hauulizi kitambulisho. Ukiguswa pale ulipozoea kupitwa, unaruka.

Jumamosi kliniki hufungwa saa saba mchana. Saa saba na nusu alikuwa ameshafika nyumbani, sare haijavuliwa, kiatu kimoja kiko mlangoni na kingine katikati ya sebule.

"Wifi, kula kwanza," wifi yake alimwambia kutoka kwenye kochi, mguu wa plasta ukiwa juu ya stuli.

"Nitakula tukivuka. Leo si tunafika mtoni?"

"Tunafika. Na mtoni ndipo kila mtu anasema yaliyo moyoni. Kaa vizuri."

Walifika. Kikosi kilitua mizigo ukingoni, na kabla mpiga mishale hajapiga hatua mbili, Shujaa wa Upanga alimzuia njia, akapiga goti, akasema hawezi kwenda vitani bila kujua kama anapendwa. Majibu yakatokea. Kidole cha Subiri Kidogo, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, kikabonyeza: Nipe muda. Shujaa akainuka, akasogea kando, akasimama pale pale.

Akaja Mwizi. Nipe muda. Akaja Mganga na maua ya dawa. Nipe muda. Kisha ardhi ikatikisika, likaja Jitu la Pembe, limejifuta uso, limeshika mtungi wa asali kwa ncha za vidole.

"Wifi!" yule wa kwenye kochi alipiga kelele. "Umewafanya nini hawa watu?"

"Sijafanya kitu! Niliwapa pole tu."

"Hilo Jitu umelipa pole mara ngapi?"

"Ana pembe imevunjika, wifi. Inamuuma."

"Inamuuma! Sasa ona, amekuja na mahari!"

Nipe muda. Wanne wakasimama kwa mstari ukingoni mwa mto, kila mmoja na tumaini lake, na mstari ule Subiri Kidogo aliujua. Ni benchi lake lile lile. Mchora Ramani naye aliutazama. Hakusogea. Alianza kukunja karatasi zake, moja moja.

"Nimewaona wanaosubiri," alisema. "Sitaki kuongeza idadi. Pale kwenye mnara wa mawe, njia yangu inakwenda kaskazini."

Akaweka mfuko begani, akaanza kutembea.

"Anakwenda wapi?" Subiri Kidogo aliuliza.

"Anaondoka. Akiupita ule mnara wa mawe ametoka kikosini, harudi tena. Na gemu hii inajiseivu yenyewe, usiniambie nirudishe nyuma."

"Nimkimbilie!"

"Hatakusikiliza na foleni hiyo nyuma yako. Ifute kwanza. Waambie hapana."

"Wote?"

"Unataka kubakiza wa akiba?"

Mpiga mishale akamrudia Shujaa. Jibu lilikuwepo siku zote, juu kabisa, lile ambalo hajawahi kulichagua: Hapana. Sikupendi hivyo. Kidole kilining'inia hewani.

"Hakuna jingine la upole zaidi?"

"Lipo. Ndilo limetufikisha hapa. Bonyeza, wifi, mtu anatembea!"

Alibonyeza akiwa amefumba jicho moja. Shujaa alitikisa bega tu, akaenda kunoa upanga. Alikuwa anajipenda vya kutosha kwa wawili. Mwizi alicheka, akamrudishia pete ambayo hakujua kama imeibwa. Mganga aliinamisha kichwa, akasema maua yatafaa kwa kikohozi. Kwa mbali, Mchora Ramani alikuwa amefika nusu ya njia.

"Anakwenda! Anakwenda!" wifi alipiga stuli kwa gongo. "Limebaki Jitu!"

Jitu liliketi chini, mtungi mapajani, likauliza, "Nilikosea wapi?"

Machozi yalimtoka Subiri Kidogo papo hapo. "Hujakosea popote, baba," aliiambia skrini, kwa sauti ile ile ya dirishani. Kisha akabonyeza hapana.

Jitu likavuta pumzi ndefu. "Afadhali nimejua," likasema. "Sasa naweza kula asali yangu."

Subiri Kidogo aliteremsha pedi. Afadhali nimejua. Alimwona mtu ananawa grisi kwenye kucha, mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu, ili apite mbele ya dirisha akiwa safi. Alidhani wema wake ulikuwa umempunguzia maumivu.

"Wifi! Mnara!"

Akaruka wima. Mpiga mishale alikimbia, akajikwaa kwenye jiwe, akainuka, akakimbia tena. Mchora Ramani alikuwa hatua kumi kutoka kwenye mnara, nane, sita. "Kitufe cha kumwita ni kipi?" "Cha pembetatu!" Akabonyeza cha duara. Upinde ukanyanyuka wenyewe, mshale ukatoka ukivuma, ukapita karibu na sikio la mpenzi wake na kugonga mawe ya mnara kwa mlio wa kutisha.

"Umemuua!" wifi alisema.

Hakufa. Mle ndani mtu akisikia mshale hugeuka. Aligeuka, mkono mmoja juu ya sikio, akamtazama mwanamke wa mvi aliyekuwa anahema mbele yake.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza.

Majibu matatu. Tunahitaji ramani zako. Nipe muda. Ni wewe, nimekuchagua wewe.

Safari hii aliyasoma yote, polepole, midomo ikicheza. Wifi yake aliuma ncha ya mto wa kochi. Subiri Kidogo akabonyeza la tatu, kwa nguvu, kwa dole gumba lote, kama anayepiga muhuri.

Skrini ikatulia. Mchora Ramani aliteremsha mfuko, akatoa karatasi moja, akaikunjua. Katikati yake, ng'ambo ya mto, palikuwa peupe.

"Hapa sijapachora," alisema. "Nilikuwa sijui kama nitapita peke yangu."

Ukelele waliopiga ulisikika ghorofa ya juu. Wifi alisahau plasta akajaribu kuruka, akaangukia kochi. Mdogo mtu akatoka jikoni mbio, mikono ina povu la sabuni.

"Nani kaanguka tena?"

"Amekubali!" mkewe alimwambia.

"Nani kakubali?"

"Shemeji yako. Huyo hapo, msalimie."

Aliitazama skrini, akaisogelea, akaichunguza kama mtu aliyeletewa mgeni ghafla. "Huyu? Mbona mwembamba hivi? Kazi yake nini?"

"Anachora ramani. Na acha dharau."

Povu lilidondoka sakafuni. Kisha akamgeukia dada yake, aliyesimama katikati ya sebule na sare ya kliniki, soksi moja imeteremka, mashavu yanameta kwa machozi.

"Dada, walikuwa wengi, nilisikia kelele zenu. Ndiye uliyemtaka huyu?"

"Ndiye," alisema. "Wale wengine nimewakataa."